Mgongo Kwanza, Kamera Baadaye

Mtu akiniuliza anunue kamera gani kwa ajili ya Kilimanjaro, namrudishia swali: utaibeba na nini? Wengi hukunja uso. Wameshasoma habari za megapikseli na lenzi, wamelinganisha bei mpaka wamechoka, halafu begi wameliacha liamuliwe na chenji itakayobaki. Kwa miaka ninayopiga picha za wapanda mlima, kituo changu kikiwa Moshi, picha nyingi ninazoona watu wakizikosa hazipotei kwa sababu ya kamera. Zinapotea kwa sababu kamera iko ndani ya begi, begi liko mgongoni, mgongo unauma, na mwenyewe hana tena hamu ya kusimama, kuvua, kufungua zipu tatu, kupiga, kufunga na kuvaa upya.

Anza na mizani. Mimi ninayo ile ndogo ya ndoano, ya kushika mkononi, na kila kinachoingia begini kimewahi kuning'inia pale. Kamera yangu, Nikon D750, ina gramu 840 ikiwa na betri na kadi. Lenzi ya 24-120 ina gramu 710. Lenzi ya 70-200, ile ya f/4, gramu 850. Hapo tayari ni kilo 2.4, na bado sijaweka betri za akiba, vichujio wala kitambaa cha kufutia. Wenzangu wanaopiga harusi hunicheka kwa kubeba 70-200 hiyo badala ya ile nene ya f/2.8, inayopitisha mwanga zaidi, ambayo ina kama kilo moja na nusu. Ukumbini ningekuwa upande wao. Njia ya Machame, gramu zile karibu 700 za tofauti nazigeuza kuwa maji.

Na maji ndiyo yanayoua mgongo. Lita 3 ni kilo 3, hakuna begi la kisasa litakalozipunguza, na waongozaji hawakuachii uondoke kambini na chupa moja. Kwa hiyo mtu anayedhani mzigo wake mkubwa ni kamera, ajaribu kuvipima vyote kwa pamoja: kamera, maji, koti la mvua, koti la baridi, suruali ya mvua, glavu, kofia, chakula cha mchana, dawa, taa ya kichwani. Stendi ya kamera ikiingia, hata ile nyepesi, unaongeza kilo moja na zaidi. Nikishajaza vyote hivyo, begi langu hufika kilo kumi bila kujitahidi.

Hapa ndipo watu wa nje na hata wa kwetu wanapochanganya mambo. Mlimani vitu vyako vinagawanywa mara mbili. Begi kubwa anabeba mgumu, kama wapagazi wanavyojiita, na getini mizigo yao hupimwa, mwisho kilo 20. Mgumu anabaki nyuma asubuhi kukunja mahema, anakupita njiani ukiwa bado unahema, na akifika kambini anasimamisha hema kabla hujatokea. Ina maana chochote utakachokihitaji kati ya chai ya asubuhi na chai ya jioni kiwe mgongoni kwako. Hali ya hewa ya mlima haikusubiri ufike kwenye begi kubwa.

Sasa chukua begi lililotengenezwa kwa ajili ya kamera tu, lile unalolikuta kwenye maduka ya vifaa vya picha. Ukilifungua, lote ni visanduku vya sponji. Zuri sana kulitazama. Kila lenzi ina chumba chake, kadi zina mifuko yake, kompyuta ina mahali pake. Koti la baridi je? Hakuna. Maji? Kuna kimfuko pembeni kinachoshika chupa ya nusu lita kwa shida. Nikiwa geti la Machame, naona wageni wenye mabegi ya namna hiyo wamefunga makoti nje kwa kamba, na msitu wa pale chini hauna desturi ya kusubiri msimu ndipo ulete mvua. Koti linalolowa kabla hujalivaa ni mzigo tu.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na nimebishana sana na wenzangu wa Arusha juu yake: nunua begi la wapanda milima, lita 35 hadi 45, halafu ndani yake uweke kisanduku laini cha kamera. Usinunue begi la kamera ukitumaini litageuka la mlimani. Wenzangu hao wanapiga picha zaidi kwenye magari ya safari, na huko wana haki yao, nitalifikia hilo baadaye.

Sababu ya kwanza ni kiuno. Begi zuri halibebwi na mabega, linabebwa na nyonga. Mkanda mnene wa kiunoni ukikaa sawasawa juu ya mifupa ya nyonga, sehemu kubwa ya uzito inashukia miguuni, na mikanda ya mabegani inabaki na kazi ya kulizuia begi lisilale nyuma. Mabegi mengi ya kamera yana mkanda wa kiunoni mwembamba, utepe tu, ambao unazuia begi lisichezecheze lakini haubebi chochote. Ukiwa na kilo tatu hutaona tofauti. Ukiwa na kilo kumi, kutoka kambi ya Shira kupanda Lava Tower penye mita 4,600 na kushuka Barranco, utaijua.

Mzee mmoja wa Machame aliyekuwa mgumu tangu ujana wake aliwahi kuniangalia nikikaza mikanda, akatikisa kichwa. "Kijana, sisi tulibeba kwa shingo," akaniambia. "Nyinyi mmepewa kiuno halafu mnakiacha hakifanyi kazi." Alikuwa anamsema kijana aliyekuwa mbele yetu, ambaye mkanda wake wa kiunoni ulikuwa unaning'inia wazi, huku amelivuta begi juu kwa mabega mpaka anatembea ameinama. Mzee yule alinionyesha kwa kidole pale pa kufungia, chini kidogo ya mahali ambapo mimi mwenyewe ningedhani.

Pa kufungia panategemea urefu wa mgongo, na urefu wa mgongo si urefu wa mtu. Nina binamu mrefu kunizidi kwa kichwa kizima, lakini begi langu linambana kiunoni kwa sababu urefu wake wote uko miguuni. Kupima ni rahisi: inamisha kichwa, utafute kinundu cha mfupa kinachojitokeza chini ya shingo. Weka mikono kiunoni, dole gumba zikielekea nyuma juu ya mifupa ya nyonga, na umwombe mtu apime kwa futi kamba kutoka kwenye kinundu hadi kwenye mstari unaounganisha dole gumba hizo. Namba hiyo ndiyo ya begi. Kampuni nyingi hutengeneza begi lilelile kwa saizi mbili au tatu za mgongo, na mengine yana mgongo unaosogezwa juu na chini kwa velkro. Mengi hayaandiki saizi kwa nje, kwa hiyo ukishajua yako, nenda na futi kamba sokoni.

Soko lenyewe, kwangu mimi, ni Memorial, soko la mitumba la hapa Moshi. Atakaye kipya Moshi na Arusha atakipata, na kuna ofisi za utalii zinazokodisha vifaa, lakini mabegi ya mlimani ya kweli, yale yaliyotengenezwa na watu wanaopanda, mengi yanatufikia kwenye mitumba. Utakuta Deuter, Jack Wolfskin, Tatonka, Berghaus, Karrimor, Osprey, yamelala chini ya mabegi ya shule na mikoba ya akina mama. Muuzaji anaweza kulithamini begi kwa rangi kuliko kwa fremu yake. Hiyo ni faida yako, usiitangaze.

Wa kwangu ni mama mmoja ambaye ameshanizoea. Ninapofika naomba kitu ambacho wateja wengine hawaombi.

"Mama, shikamoo. Naomba nilijaze nguo nilipime."

"Marahaba. Jaza, lakini nguo zangu uzirudishe zilivyokunjwa. Siku ile uliniachia lundo."

Nalijaza jinzi, maana jinzi ni nzito. Naliweka mgongoni, nalegeza mikanda yote, nafunga wa kiunoni kwanza, halafu wa mabegani, halafu ile midogo inayotoka juu ya bega kwenda kwenye begi, mwisho wa kifuani. Kisha natembea. Nazunguka vibanda, napanda ngazi kama zipo, nainama kufunga kamba za kiatu. Akina dada wa kibanda cha jirani huwa wanapiga kelele, "Kaka, Uhuru ni kule!" Sawa. Begi linalouma baada ya kuzunguka Memorial halitaacha kuuma kambi ya Karanga.

Kuna vitu vinne vitano ninavyoviangalia, na cha kwanza watu wengi hawakijui. Geuza begi ndani nje, uangalie upande wa ndani wa kitambaa. Mabegi mengi ya nailoni yamepakwa ngozi nyembamba ya poliuretani ya kuzuia maji, na ngozi hiyo huzeeka hata begi likiwa kabatini. Unyevunyevu na joto huivunja taratibu. Ukikuta inabanduka magamba meupe, au inanata vidoleni, au begi linatoa harufu kali ya uchachu, ujue imekwisha. Hakuna fundi wa kuirudisha. Kwa begi la nguo ungeweza kuvumilia, ila kwa kamera magamba yale ni balaa, yanaingia kwenye lenzi na kwenye kihisi, kile kinachopokea picha ndani ya kamera.

Halafu shika mkanda wa kiunoni, uuminye kwa nguvu, uachie. Sponji nzima inarudi. Iliyokufa inabaki bapa, na hapo umenunua utepe. Halafu angalia mshono pale mkanda wa bega unapoungana na begi, juu na chini, kwa sababu ndipo pananing'inia uzito wote; nyuzi zikiwa zimefumuka nusu sentimita naacha, au nashusha bei na kumpelekea fundi siku hiyohiyo. Zipu naifungua na kuifunga ikiwa kwenye kona, si kwenye mstari ulionyooka, maana zipu mbovu hujitaja konani. Zikiwa na herufi YKK, za kampuni ya zipu ya Japani, napumua kidogo. Klipu ya plastiki ikiwa imevunjika hainitishi, zinapatikana kwa mafundi wa mabegi kwa bei ndogo.

Fremu nayo ina historia yake. Mmarekani Dick Kelty alianza mwaka 1952 kuuza mabegi yenye fremu ya alumini kwa nje, na hayo ndiyo yaliyowazoesha watu kuhamishia mzigo kiunoni. Mwaka 1967 mpanda milima mwingine wa Marekani, Greg Lowe, akaingiza fremu ndani ya begi, karibu na mgongo, ili mzigo usimyumbishe mtu kwenye miamba. Huyohuyo Lowe ndiye chanzo cha Lowepro, jina la mabegi ya kamera linalojulikana na kila anayebeba kamera. Nikibishana na wale wenzangu wa Arusha huwatajia hilo: hata begi la kamera lilizaliwa na mtu aliyekuwa anafikiria mlima. Hawashawishiki, lakini wananunua kahawa.

Ukishapata begi, unakwenda kwa fundi. Vipo visanduku vya kamera vya kununua, vilivyotengenezwa kuingia ndani ya begi lolote, na ukivipata chukua. Mimi nilishonewa changu na fundi anayeshona mabegi ya shule na viti vya magari. Nilimpelekea vipimo vya ndani ya begi na nikamwambia nataka boksi laini lenye kifuniko cha zipu.

"La kubebea mayai?" akauliza.

"La kubebea kodi ya nyumba, fundi."

Akacheka, lakini alielewa, na alishona kwa nyuzi mbili kila kona.

Suala la kuangalia hapo ni sponji. Ile ya godoro inakunywa maji, na ikishakunywa haikauki mlimani. Kamera inakaa ndani ya kitambaa kilicholowa siku nzima. Inayofaa ni ile ngumu kidogo, yenye vijishimo vilivyozibwa, ya mikeka ya kulalia kambini. Inaelea majini. Mkeka uliochakaa kutoka kwa mtu wa kampuni ya utalii unatosha kisanduku kizima na vigawanyo vyake. Unene wa sentimita moja unatosha pembeni, chini weka mbili, kwa sababu begi huwekwa chini kwa kishindo hata na watu waangalifu, na ardhi ya Shira ni mawe.

Kisanduku kikae wapi ndani ya begi? Mabegi ya kamera mengi hukiweka chini na nguo juu. Mimi nakiweka juu, kwenye nusu ya juu ya begi, kikigusa mgongo, na makoti chini yake. Mzigo mzito ukikaa karibu na uti wa mgongo, usawa wa mabega, hutembei umeinama, na pia unafungua mdomo wa begi tu na kamera hiyo hapo. Asubuhi ya Barranco nabadilisha, kisanduku kinashuka chini.

Barranco panastahili maelezo. Ule ukuta unapanda zaidi ya mita 200, na kuna sehemu lazima mikono yote miwili ishike mwamba. Kuna jiwe ambalo waongozaji wanaliita la kubusu, kwa sababu njia inakuwa nyembamba mpaka inabidi ulikumbatie, kifua kwenye mwamba, na mgongo wako ukiangalia bonde. Pale ndipo unajua begi lako lina kina gani. Begi nene linalotokeza nyuma, au lenye stendi iliyofungwa kwa nje upande mmoja, linakuvuta kule usikotaka. Nilikuwa nyuma ya mgeni mmoja mwenye begi jipya la kamera, pana kama kabati, na stendi yake pembeni ikagonga mwamba akayumba, mwongozaji alimshika mkanda na kumwambia kwa upole sana, "Dada, tulia, nipe hilo begi." Alilipitisha yeye. Tangu hapo kila anayeniuliza namwambia: begi jembamba na refu, na stendi ikae ndani au katikati kabisa ya mgongo wa begi, isije pembeni.

Kamera yenyewe pale inakuwa ndani. Lakini sehemu nyingine zote za njia, kamera begini ni kamera iliyolala. Ninayo klipu ya chuma inayobana kwenye mkanda wa bega, kamera inaingia na kutoka kwa kubonyeza kitufe. Lenzi ndogo tu, nzito itaning'inia na kukuvuta upande mmoja. Hiki kitu kidogo kimenipatia picha nyingi kuliko lenzi yoyote niliyonunua: wagumu wakipita na mizigo kichwani na ukungu nyuma yao, mtu akicheka, mawingu yakifunguka kwa muda mfupi juu ya Kibo. Mkanda wa shingoni nimeuacha. Kamera inayopiga kifua kila hatua inachosha, na ukiinama inatangulia kwenye jiwe.

Mvua. Mabegi mengi huja na kava la mvua kwenye kimfuko chini, na watu huliamini kupita kiasi. Kava linafunika upande wa nje tu. Maji yanayoteremka shingoni kwako yanaingia upande wa mgongo, pale ambapo kava halifiki, na ndipo kisanduku changu kilipo. Upepo nao ukipata mwanya unalichomoa. Ninalivaa, ndiyo, hasa kwa sababu ya matope, lakini ninachokitegemea kiko ndani: mfuko usiopitisha maji, wa kukunja mdomo mara tatu na kubana, unaofunika kisanduku kizima. Zamani watu walitumia mifuko ya rambo. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini, na sitaki nikupe ushauri wa kukufikisha pabaya getini. Mfuko wa kukunja mdomo unadumu miaka, na usiku unageuka pa kuweka soksi kavu.

Baridi ina mambo yake, na hapa begi linasaidia kidogo tu. Betri ikipoa, kemikali yake hufanya kazi polepole, kamera inakuambia chaji imekwisha wakati bado ipo. Ipashe moto mwilini, itarudi kwa sehemu. Kwa hiyo usiku wa kwenda kileleni betri za akiba hazikai begini kabisa, zinakaa mfuko wa ndani wa koti, karibu na tumbo, na usiku wa kawaida zinalala nami ndani ya mfuko wa kulalia. Kamera yenyewe naiacha ipoe. Watu huificha ndani ya koti wakidhani wanaisaidia. Jasho na joto vinaifanya itoke ukungu mara tu inapokutana na hewa ya juu. Ukirudi kwenye joto, hivyohivyo kinyume chake: usiifungue kamera iliyopoa ndani ya hema lenye watu wanaokunywa chai. Iache ndani ya kisanduku kilichofungwa mpaka ipate joto taratibu, la sivyo unyevu utatua kwenye vioo.

Usiku huo wa kwenda kileleni begi langu linakuwa jepesi kuliko siku zote. Kamera moja, lenzi moja, maji, nguo. Ile 70-200 inabaki kambi ya Barafu. Katika giza, kwenye mwinuko ule, ukielekea mita 5,895, hakuna mtu anayebadilisha lenzi kwa vidole vilivyokufa ganzi, na kama yupo sijamwona akitabasamu. Mpira wa kunywea maji nao huganda, weka chupa, tena uigeuze kichwa chini, maana barafu huanza juu.

Sasa wenzangu wa Arusha. Wao wanakwenda Tarangire, Serengeti, Ngorongoro, wamekaa ndani ya gari, lenzi zao ndefu na nzito, na adui yao ni vumbi. Begi linalofunguka lote mara moja, lenye vyumba, ndilo lao. Mgongo haubebi kitu zaidi ya kutoka hotelini hadi garini. Nawakubalia. Naongeza tu mambo mawili. Ukipanda ndege ndogo pale kiwanja cha Arusha kwenda Serengeti, mara nyingi unaruhusiwa kilo 15 kwa mizigo yote, na wanataka begi laini lisilo na magurudumu wala fremu ngumu, kwa hiyo lile begi la maboksi lenye kilo kadhaa likiwa tupu limeshakula haki yako kabla hujaweka lenzi. Na betri za akiba usizitie kwenye mzigo unaokwenda chini ya ndege, zikae mkononi, kila moja na kifuniko chake.

Jambo jingine si la begi hasa, ila wageni hulifurahia. Stendi ndani ya gari haina kazi. Beba mfuko mtupu wa kitambaa, mtu akifika Arusha apite Soko la Kilombero anunue maharage, aujaze, aulaze juu ya paa lililofunguliwa, na lenzi ndefu itulie juu yake. Safari ikiisha maharage yanakwenda kwa mpishi. Niliwahi kula yale yaliyobeba lenzi ya milimita 600, na hayakuwa na tofauti yoyote.

Mjini, kwenye stendi ya mabasi na ndani ya Hiace, begi la mlimani lililofifia rangi lina faida ambayo haikuandikwa kwenye lebo: hakuna anayedhani kuna kamera ndani. Bado nalivaa mbele.

Ukirudi, utunzaji ni mfupi. Toa kila kitu, kung'uta, osha kwa maji ya kawaida na sabuni kidogo ya mche, usitie mashine, lianike kivulini, kwa sababu jua kali hula nailoni na ile ngozi ya ndani. Zipu zisafishe vumbi kwa mswaki wa zamani, upake nta ya mshumaa. Kisanduku cha kamera kiache wazi siku nzima kabla ya kurudisha vifaa, na usikifungie kabatini msimu wa masika, utafuga ukungu kwenye lenzi.

Langu la sasa lina zipu mpya, mkanda wa kiunoni bado unarudi ukiuminya, ila mgongo wake ni mfupi kwangu kwa kama sentimita mbili, na mwongozaji mmoja ananitania kwamba nimevaa la mdogo wangu. Mama wa Memorial ameniahidi kuniwekea likija refu kabla ya msimu wa Juni. Likipatikana, hili nampa binti mmoja wa Rau anayeanza kazi hii, ana mgongo wa saizi yake kabisa, tumeshapima.